Nusu ya Kichwa cha Zubeda

Sosiot,
Jumapili jioni, mvua ikiwa imekatika.

Kwa Omosa, ndugu yangu mdogo na msomi wa familia,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako mkubwa, anayekushinda sura na ambaye mikono yake haijawahi kumkata mtu sikio. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, kwamba ugali wa shule haujakumaliza, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepata mtu mwingine wa kumsumbua. Ukitaka kujua hali yetu, sisi huku tuko salama. Mama anakusalimia sana. Goti lake bado linatabiri mvua, ingawa huku kwetu hiyo ni kazi ya bure, maana mvua inanyesha kila alasiri hata goti likinyamaza. Majani ya chai yamekuja kwa nguvu mwezi huu. Ng'ombe alizaa ndume, tena ndume mkaidi, na Mama amempa jina lako.

Najua unashangaa kuona nimeandika. Kitu kirefu cha mwisho nilichoandika ni ile insha ya kidato cha pili ambayo mwalimu aliirudisha imejaa wino mwekundu kama kitu kilichogongwa na gari, na mimi nikaona basi, shule na mimi tumeelewana, kila mtu aende kwake. Lakini huko mmekatazwa simu, Mama anakuja siku ya wazazi, na habari niliyo nayo Mama hawezi kuibeba kwa mdomo. Ataimwaga yote njiani ukifikiwa na povu tu. Kwa hivyo soma polepole. Mahali nimekosea maandishi, wewe ndiye unayelipiwa karo, sahihisha mwenyewe.

Kwanza kazi, ndiyo ujue unaandikiwa na mtu gani. Kinyozi changu, yaani kile kibanda cha kunyolea, kimesimama imara. Kiko pale pale sokoni, kati ya buchari na duka la dawa za mifugo, lakini sasa kina kiti cha kuzunguka, kioo cha ukuta mzima, na ubao nje wenye picha ya mtu mwenye nywele safi. Mchoraji aliapa kwamba yule ni mimi. Watu wanasema ni chifu. Hainidhuru, chifu naye nimemnyoa. Pasta nimemnyoa, walimu nimewanyoa, na jamaa wa bodaboda wanakuja wakiwa na vumbi kama viazi wanatoka wakiwa watu wa kuoa. Katika Belgut hii yote hakuna kichwa kinachonitisha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka juzi.

Sasa, wewe unajua sheria ya shule yetu ya kutwa, lakini umeondoka muda na huenda umesahau ukali wake. Msichana haruhusiwi nywele. Zile za kuonekana tu kwamba kichwa si jiwe, basi. Kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Weldon, yule deputi, naibu wa mwalimu mkuu, anapita kwenye mistari ya wasichana na kidole chake cha shahada. Anakichomeka nyweleni, na kikizama mpaka ukucha upotee, unatoka nje ya mstari na jembe linakungoja. Kwa sababu ya kidole hicho mimi nakula vizuri. Jumapili baada ya kanisa wasichana wanajaa kwangu, benchi linajaa mpaka wengine wanakalia kreti za soda, na hapo ndipo utasikia mambo. Wanasengenya walimu, wanasengenyana wenyewe, wakimaliza wananisengenya mimi nikiwa hapo hapo. Kiongozi wao ni Chepchirchir, binti wa pale juu kwenye kituo cha kununulia majani. Huyo Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kifuniko.

Katika kundi hilo alikuwa anakuja Zubeda. Huyo humkumbuki vizuri kwa sababu ulipoondoka alikuwa bado shule ya msingi, lakini babake unamjua: Mzee Marjani, mchinjaji wa kichinjioni. Ni yule Mnubi mrefu mpole, ambaye ng'ombe wote wa Sosiot wanasubiri afike ndipo wafe, kwa sababu buchari zote zinataka nyama ambayo hata Mwislamu wa kupita njia anaweza kuila. Sisi wote hapa, pasta akiwemo, tunakula kilichopita mkononi mwake na jina la Mungu alilolitaja. Na bado nyumba yao ndiyo nyumba pekee ya Waislamu sokoni hapa. Swala ya Ijumaa mpaka aende Kericho mjini.

Zubeda yuko kidato cha tatu. Alikuwa anavaa kama wenzake, sketi ya magotini na sweta, na ananyolewa kama wenzake, akichekeshwa na Chepchirchir mpaka namwambia atulie nisimchore ramani ya Kenya kichwani. Ungemwona hungesema ni wa dini gani. Lakini tangu mfungo wa Ramadhani uishe, alipunguza maneno. Anakuja, ananyolewa, anaenda. Mimi nikadhani ni mapenzi. Mimi kila kitu nadhani ni mapenzi.

Kumbe ni hivi. Mzee Marjani mwenyewe ndiye aliyenieleza, Ijumaa moja akiwa kwenye kiti kabla hajaenda Kericho. Alisema mke wake alishona nguo wakati wa mfungo: sketi ndefu ya kufika kwenye soksi, ya kitambaa kile kile cha shule, na mtandio mweupe wa kufunika kichwa na shingo. Walikwenda wakamwona mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hakuwa na ubaya, akasema sheria inaruhusu, mradi rangi ziwe za shule. Lakini aliweka jambo moja. Mtoto akianza ameanza, hataki kuona leo amevaa kesho amevua kama mtu anayejaribu viatu dukani. Aamue, na akija Jumatatu fulani na vazi hilo, basi ndilo yunifomu yake mpaka amalize kidato cha nne.

Nikamwambia Mzee, kwa ule ujinga wangu, kwamba si amwamuru tu mambo yaishe. Mzee akacheka kidogo. Akasema nyanyake Zubeda wa Kericho anataka afunike, na mamake angependa, na yeye mwenyewe kwa upande mmoja angefurahi na kwa upande mwingine anaogopa, maana ameishi na watu wa hapa vizuri, na hajui watamwonaje binti wa mchinjaji akianza kuonekana tofauti. Kwa hivyo amemwambia mtoto kwamba kichwa ni chake. Nguo zimekunjwa zimewekwa juu ya kitanda, na kila Jumatatu binti anaondoka na zile za zamani, na kila jioni anakuta zile mpya zikimngoja. Mzee akasema usiku anamsikia mtoto akijigeuza. Kisha akalipa akaenda zake, nami nikabaki nimeshika brashi.

Habari haikai Sosiot. Wasichana wakajua. Na hapa Omosa ndipo utacheka, kwa sababu kosa walilofanya haliwezi kufanywa na watu wengine duniani, ni wasichana wa shule za Kenya tu. Hawakufikiria dini hata dakika moja. Walifikiria nywele. Chepchirchir alisimama hapa kwangu, mkono kiunoni, akatangaza kwamba wasidanganywe, Zubeda amegundua njia. Atafunika kichwa, kidole cha Mwalimu Weldon hakitaingia, na chini ya mtandio atafuga nywele mpaka mabegani, asukwe rasta, na sisi huku tumekuwa vipara kama mayai. Wote wakakubali. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kusilimu kwa muhula mmoja tu. Wakacheka mpaka kreti ikaanguka. Sikuona, lakini nasikia maneno hayo yalimfikia Zubeda darasani usoni kabisa, kwamba anamtumia Mungu kufuga nywele. Mtu ambaye halali kwa kuogopa kumkosea Mungu, unamwambia hivyo.

Sasa fika Jumapili ile. Zubeda hakuja na wenzake. Alikuja peke yake alasiri, mvua imetoka kupita, wasichana wamekwisha ondoka, na kwenye benchi walikuwa wamebaki wanaume tu: Kipsang wa bodaboda na wenzake, wanaosubiri zamu huku wakitazama mpira kwenye simu. Aliketi. Nikamfunga shuka. Nikaanza upande wa kulia, kazi safi, mashine inaimba. Nilikuwa napiga porojo zangu za kawaida, nikamuuliza kama ni kweli nitapoteza mteja, nikamwambia akianza kufuga rasta anilipe kodi ya kunyamaza. Nikamaliza upande wa kulia. Nikamshika kidevu nikamgeuza ili nianze wa kushoto, kama ninavyomgeuza kila mtu.

Akasema basi, hapo hapo.

Nikasema hapo wapi, bado nusu nzima. Akasema basi. Hakupaza sauti. Nilizima mashine bila kujua nimeizima. Tulitazamana kwenye kioo, yeye na kichwa chake nusu kimeng'aa nusu ni cheusi, kitu ambacho siku nyingine ningekicheka mpaka Krismasi. Akaniambia maneno fulani, hayo nitakuandikia mwisho nikishapata moyo. Kisha akaivuta ile shuka ya kinyozi, ile ya bluu unayoijua, akaipandisha kutoka mabegani akaifunika kichwani, akaishika chini ya kidevu, akasimama.

Na hapa nataka uniamini, kwa sababu najua mimi ni mwongo wa kawaida lakini hapa siongezi chumvi. Kipsang aliinuka akageuka akaelekea ukutani. Mwenzake naye akageuka. Wote. Wakasimama wanatazama mbao za ukuta, simu ziko chini, mpira unaendelea bila watu. Unajua Desemba, wavulana wa jandoni wakipita barabarani wamefunikwa, jinsi kina mama na wasichana wanavyoacha njia na kugeuza uso, hakuna anayewaambia, hakuna anayecheka? Hivyo hivyo. Ila sasa waliogeuka walikuwa ni wanaume, tena wa bodaboda, watu ambao hata gari la maiti wanalipigia mluzi. Zubeda akapita nyuma yao akatoka na shuka yangu. Nilimwuliza Kipsang baadaye ni nani alimwambia ageuke. Akasema hajui, shingo iligeuka yenyewe. Akaniomba nisimwulize tena.

Utasema si angemaliziwa nyumbani. Mamake alikuwa Kericho, nyanya ni mgonjwa. Babake hakuwa na mashine, na nasikia alipotaka kwenda kwa majirani kuomba mama mmoja aje na wembe, binti alikataa, akasema majirani wataiona ile nusu waseme anaficha nywele. Binti mwenyewe alijaribu makasi ya karatasi, akaacha. Akalala hivyo hivyo, nusu na nusu.

Jumatatu asubuhi nafagia, prifekti anakuja anakimbia, sweta mkononi, anasema Mwalimu Weldon ananitaka paredi sasa hivi. Nikadhani ni deni la utoto, kosa fulani langu la zamani pale shuleni. Nilipofika shule nzima imesimama kwenye mistari, ukungu bado unatoka kwenye chai nyuma ya madarasa, na Zubeda yuko mbele peke yake. Sketi imefika kwenye soksi. Mtandio mweupe umemzunguka uso, kila kitu safi, kimepigwa pasi. Nakwambia nilimpita bila kumtambua. Mtu niliyemnyoa miaka yote hii.

Nikaelezwa yaliyotangulia. Mwalimu Weldon alikuwa amefika kwake na kidole akamwambia afunue apimwe kama wengine, kwa sababu nywele hazina dini. Yeye akajibu kwa adabu kwamba hakatai kupimwa, anaomba tu apimwe na mwalimu wa kike, faraghani. Mwalimu akasema yeye ni kama baba yao wote na hajawahi kuambiwa hivyo tangu aanze kazi. Wasichana nyuma wananong'ona rasta, rasta. Ndipo mmoja akapaza sauti kwamba Zubeda alionekana kwa Onyiego jana, Onyiego aulizwe. Na mimi ndiye huyo, nikatolewa mbele kama shahidi.

Mwalimu Weldon akasema, akinitaja kwa ile lafudhi yake, Onyieko, wewe ni kinyozi wa wanafunzi wetu, tuambie hapa mbele ya watu, jana ulimnyoa huyu msichana au hukumnyoa.

Omosa, wanafunzi walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana wananijua. Na utani nilikuwa nao tayari kwenye ulimi. Ulikuwa mzuri sana, sitauandika. Nikamtazama Zubeda nipate kumtaja, na ule utani ukarudi tumboni. Nikisema ndiyo, nimedanganya, na yeye anajua. Nikisema nusu, shule nzima itataka kuiona hiyo nusu. Nikasimama pale, mimi, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Shahidi gani huyo.

Yeye ndiye aliyesema. Alimwambia Mwalimu asiniweke mtegoni. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayejibu swali la jiografia, kwamba Onyiego alinyoa nusu, na nusu nyingine ipo, upande wa kushoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimamisha kwa sababu pale kwenye kiti ndipo alipoamua, na tangu dakika ile kichwa chake si cha kuonwa na mwanamume asiye wa nyumbani kwao. Kama kosa ni nywele, kosa analo na jembe liletwe, atalima. Lakini mtandio havui.

Cheko lilianza mahali fulani mstari wa nyuma, likatafuta wenzake likakosa, likafa. Hebu fikiria, wote walikuwa wakisema kwamba anaficha nywele, na yeye akawaambia mbele yao kwamba ndiyo, ziko, nusu kichwa, na bado hakuna aliyeweza kumcheka. Alikuwa na njia rahisi. Angeniacha niseme uongo, ningeusema vizuri, mimi ni fundi. Hakutaka kuanza jambo la Mungu na uongo wangu.

Kisha mtu akatoka mstarini. Chepchirchir. Uso umemshuka. Akasema Mwalimu, nitazimaliza mimi. Mwalimu Weldon akauliza kama amewahi kumnyoa mtu. Akasema mtu hapana, lakini kwa nyanya yake Kimulot huwa ananyoa kondoo. Hapo ndipo shule ilicheka yote, walimu pia, na nikaona mabega ya Zubeda yanatikisika ndani ya ule mtandio. Madam Cheptoo wa bayolojia akasema yeye atakuwa ndani na atakagua, na kama Mwalimu Weldon haamini macho ya Madam Cheptoo basi waende wote kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Weldon akasema anaamini.

Nilikimbia kuleta mashine. Mashine hiyo unaijua, hata wewe sijawahi kukuachia uiwashe. Nikamkabidhi Chepchirchir kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wakaingia chumba cha maabara, watatu, mlango ukafungwa. Mimi nikasimama nje nimeupa mgongo, naelekeza kwa sauti: usikandamize, laza meno, anza chini panda juu, nyuma ya sikio nenda pole, huyo si kondoo. Ndani nasikia Chepchirchir anaomba radhi, sijui ni kwa sikio au kwa yale maneno ya nywele, na Zubeda anamwambia aendelee tu. Mwalimu Weldon alikuwa amesimama kando yangu, wanaume wawili tumefungiwa nje. Baadaye alikitazama kile kidole chake cha kupimia, akakitia mfukoni.

Walipotoka, Chepchirchir alikuwa na nywele kwenye sweta na jasho usoni kama mkunga. Zubeda alikuwa amefunika kama alivyoingia. Madam Cheptoo akasema iko sawa, akacheka akasema iko sawa kwa sheria, uzuri ni habari nyingine. Basi. Tangu siku hiyo wasichana wote wanakaguliwa na Madam Cheptoo.

Kwangu pia mambo yamegeuka. Jumapili iliyofuata wasichana walikuja wakataka pazia. Si Zubeda, hawa wengine, wa kanisani kwetu. Wakasema kumbe mtu anaweza kuomba. Nimetundika lile pazia la zamani la Mama lenye maua, nimenunua mashine ya pili, na Chepchirchir ndiye ananyoa huko ndani. Nimempa kazi hiyo kwa shingo upande na usimwambie kwamba anaendelea vizuri. Zubeda anaingia kwa mlango wa nyuma, na ninawasikia huko wanacheka kama zamani, kreti zinaanguka kama zamani. Alikuwa ameogopa kwamba akifunika atapoteza hilo benchi. Babake ndiye aliyeniambia. Limemfuata mpaka nyuma ya pazia. Mimi nimebaki huku mbele na vichwa vya wanaume, na wasichana wakinisengenya huko ndani sasa siwezi hata kujitetea.

Sasa yale maneno. Watu wa hapa kila mmoja ana sababu yake ya kwa nini alisimama katikati. Wengine wanasema aliota. Wengine wanasema mimi nilimtania vibaya, na nimewaacha waseme. Ukweli sijamwambia hata Mama, nakuandikia wewe tu. Pale kwenye kioo alisema hivi. Kwamba alikuwa amemwomba Mungu ishara muda mrefu na haikuja, wala sasa haikuja. Ila nilipomshika kidevu kumgeuza, aliusikia mkono, kwamba ni wa mwanamume asiye wa kwao. Akaniambia, mkono wako hauna kosa, Onyiego, umenishika hivyo miaka yote, ni vile leo nimeusikia. Basi. Hakuna zaidi ya hayo.

Mimi ni mtu wa kushika vichwa, Omosa. Ndiyo kazi yangu. Navishika, navigeuza, naviinamisha, na sikuwahi kufikiria kwamba ndani kuna mtu anayeusikia mkono wangu. Kwa hivyo nakiri kwako, na ukilisema hili shuleni nitakunyoa nyusi: naviogopa vichwa. Sasa siwezi kumgusa mtu kabla sijamwomba. Nilimwomba Kipsang, akaniuliza kama naumwa. Nilimwomba mlevi mmoja wa hapa sokoni, akalia. Ijumaa alipokuja Mzee Marjani akaketi, nilisimama nyuma yake na mashine imezimwa, nikamwambia Mzee, naomba nikushike kichwa. Alinitazama kwenye kioo muda mrefu, kama anasoma kitu. Akavua kofia yake, akaikunja magotini, akainamisha kichwa mwenyewe mpaka kikanikuta mkononi. Nimenyoa watu wengi, lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunipa kichwa chake.

Nisikuchoshe, una mitihani. Mama anasema ule, uombe, na usiwafuate wale wa nyuma ya darasa, yaani watu kama mimi. Nisalimie wenzako wote wa bweni, hasa walionyolewa vibaya, waambie dawa yao iko Sosiot. Mungu akulinde mpaka tuonane likizo, nami nitakuwa nje ya mlango nakutazama ukishuka na sanduku lako.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa sijawahi kukwambia na sitarudia,

Onyiego wa Kinyozi.